Edinburgh jioni: chini ya daraja, makaburini, au na mwongozaji wa bakshishi?

Simama mbele ya Kanisa la St Giles, katikati ya mji wa kale wa Edinburgh, jioni yoyote ile. Utawaona waongozaji wameshika miavuli ya rangi, wengine wamevaa makoti meusi marefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na wote wanauza kitu kimoja: matembezi ya jioni. Mmoja anakuahidi mizuka, wa pili historia, wa tatu anasema yake ni bure. Mji wanaokuzungusha ni uleule, na mara nyingi hata kona wanazosimama ni zilezile. Utakachorudi nacho hotelini ndicho kinachotofautiana, na tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti nyingine zote.

Mimi naishi Glasgow, chini ya saa moja tu kwa treni, na kila mgeni anayetoka nyumbani lazima Edinburgh aione. Nimewapeleka wanafunzi wa masomo ya juu, wanandoa, familia zenye watoto, na shangazi yangu mlokole ambaye habari zake zinakuja. Swali lao huwa moja: tuchukue ipi? Nimezoea kujibu kwa maswali mawili kabla ya kugusa habari ya pesa. Unakuja mwezi gani? Na unakuja na nani?

Kalenda kwanza

Mtu aliyezoea jua la Dar es Salaam au Mombasa, linalozama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, akisoma neno "jioni" kwenye tiketi anafikiria giza. Edinburgh haiko hivyo. Mwezi Juni jua linazama yapata saa nne usiku, na hata likishazama mbingu zinabaki na weupe kwa muda mrefu. Kwa hiyo ziara ya mizuka ya saa moja usiku mwezi Juni ni ziara ya mchana. Mwongozaji anajikaza kukutisha na sauti yake nzito, watoto pembeni wanalamba aiskrimu, na wewe umekunja uso kwa sababu jua linakupiga machoni. Desemba mambo yanageuka: jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na ziara inayoanza saa kumi na moja inakukuta ndani ya usiku kamili.

Ndiyo maana mimi huwagawa watu kwa miezi. Wa Mei hadi mwanzoni mwa Agosti, kama wanataka giza, washuke chini ya daraja, kwa sababu huko giza halijui majira. Wa Novemba hadi Februari wabaki juu, barabarani na vichochoroni. Giza wanapewa bure, pamoja na taa za manjano, ukungu na mawe yaliyolowa yanayong'aa. Ukiniuliza mimi, wakati mzuri kuliko wote ni mwishoni mwa Septemba, jua linapozama karibu na saa moja. Unaanza matembezi ukiziona nyuso za wenzako na unamaliza huzioni.

Agosti ni habari nyingine. Tangu 1947 mji huu una tamasha kubwa la sanaa, na tamasha hilo limezaa mengine mengi, hivyo mwezi huo barabara kuu ya mji wa kale inajaa kama Kariakoo siku za kuelekea sikukuu. Uwanja wa mbele ya ngome unajengwa majukwaa ya maonyesho ya bendi za kijeshi, Tattoo, na mwongozaji anashindana na ngoma, zumari na watu wanaogawa vikaratasi vya matangazo. Ziara ya juu mwezi huo ni kubanana tu. Kama Agosti ndiyo nafasi yako pekee, shuka chini, na ukate tiketi mapema.

Chini ya daraja

South Bridge ni daraja ambalo ukipita juu yake hutajua uko darajani. Lina matao 19, ila linaloonekana ni moja tu, lile linalovuka barabara ya Cowgate. Mengine yamefunikwa na majengo pande zote mbili. Lilianza kujengwa 1785 na likafunguliwa kwa magari ya farasi 1788. Nafasi zilizobaki chini ya matao zikagawanywa vyumba, na mafundi viatu na wafanyabiashara wengine wakavitumia kama karakana na stoo. Daraja likavuja, bidhaa zikaoza, wenye mali wakahama. Waliobaki na waliofuata walikuwa mafukara, watu waliokosa pa kulala mji ulipofurika. Baadaye vyumba vikajazwa kifusi vikasahaulika, mpaka vilipogunduliwa tena miaka ya 1980.

Kuingia humo kunastahili hela. Unatoka kwenye barabara yenye mabasi na maduka ya kebabu, unashuka ngazi za mawe, na hewa inabadilika ghafla: ubaridi wa pango, harufu ya chokaa mbichi na udongo. Dari ni tao la mawe lililojaa matone. Mwongozaji mmoja mzuri aliwahi kutuonyesha kwa tochi maganda ya chaza yaliyopatikana humo, akaeleza kwamba chaza, anayeuzwa leo kwa bei ya kutisha, alikuwa chakula cha maskini wa mji huu. Halafu akazima tochi, akanyamaza. Hakuna aliyeguswa mgongoni wala kupigiwa kelele. Tulisikia matone tu, na mtu mmoja akikohoa, na kila mmoja akawa anahesabu kimoyomoyo ni watoto wangapi walilala kwenye chumba kile.

Kuna na ziara nyingine, kwenye vyumba vivyo hivyo, ambako mtu aliyejificha anaruka gizani, wageni wanapiga mayowe, wanacheka, wanatoka. Niliwahi kuingia kwenye moja (kampuni siitaji) tukiwa wengi kiasi kwamba wa nyuma hawakusikia neno hata moja. Zote mbili zinatangazwa kwa picha zilezile za mishumaa. Utazitofautishaje kabla ya kulipa? Soma maelezo yao: kama yametaja miaka na majina, kuna uwezekano utaambiwa kitu. Kama yametaja tu "eneo lenye mizuka mingi kuliko yote", jiandae kupigiwa kelele.

Na ukishafika huko chini, kuna hadithi moja ya kumpimia mwongozaji. Burke na Hare. Hawa walikuwa wahamiaji wawili kutoka Ireland ambao mwaka 1828 waliwaua watu 16 hapa Edinburgh na kuwauza maiti zao kwa Daktari Robert Knox, aliyekuwa akifundisha anatomia na ana njaa ya miili ya kupasua. Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachiwa. Burke alinyongwa hadharani Januari 1829, mwili wake nao ukapasuliwa, na mifupa yake mpaka leo inatunzwa kwenye jumba la makumbusho ya anatomia la Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mauaji hayo yalifanyika zaidi mtaa wa West Port, upande wa pili wa uwanja wa Grassmarket, kwenye nyumba ya kulala wageni. Mwongozaji akikuambia walikuwa wakiwinda na kuficha maiti kwenye vyumba hivi vya daraja, anakuuzia chumvi, maana hakuna ushahidi wa jambo hilo. Na akisema walikuwa wafukua makaburi, pia amekosea, kwani wao hawakufukua. Walifupisha safari wakaua.

Kuna pia mtaa uliofunikwa, Mary King's Close, chini ya jengo la halmashauri ya jiji lililojengwa katikati ya karne ya 18 juu ya vichochoro vya zamani. Ule ni makumbusho kamili yenye waongozaji waliovalia nguo za enzi hizo, umepangwa vizuri, na unaeleza vizuri tauni ya 1645. Kwa familia yenye watoto wa shule, mimi huutanguliza kuliko vyumba vya daraja. Kwa mtu mzima anayetaka mahali palipoachwa kama palivyo, daraja linashinda.

Makaburini

Greyfriars ni kanisa na makaburi yake, kusini kidogo ya barabara kuu. Hapa 1638 watu walitia saini Agano la Kitaifa, wakiapa kumzuia mfalme asiingilie kanisa lao. Mwaka 1679 wafuasi wa agano hilo, zaidi ya elfu moja, waliletwa kama wafungwa wa vita na kuwekwa uwanjani pembezoni mwa makaburi haya, wengi wao bila paa, kwa miezi. Aliyewaandama mahakamani, mwanasheria George Mackenzie, amezikwa hatua chache tu kutoka hapo, na kaburi lake la kuba ndilo linalosimuliwa habari za mzuka unaokwaruza watu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauza tiketi hawatakuambia: makaburi ya Greyfriars ni wazi, na kuingia ni bure. Unaweza kuja mwenyewe mchana ukasoma mawe yote. Kinachofungwa kwa geti ni ile sehemu ya gereza la wafungwa wa 1679, na usiku unaingia na ziara tu. Kwa hiyo kabla hujalipia ziara ya makaburini uliza swali moja: tunaingia ndani ya geti? Kama jibu ni hapana, unalipia hadithi peke yake, na hadithi hizo hata mwongozaji wa ziara ya bure, ya bakshishi, anazo.

Mimi kitu ninachokipenda pale si kuba la Mackenzie. Ni yale matundu ya chuma yaliyofunikwa juu ya makaburi, vyuma vizito vilivyofungwa kama kizimba. Familia zilizokuwa na uwezo ziliviweka ili wezi wa maiti wasimfikie ndugu yao kabla mwili haujaharibika. Maskini walikesha kaburini kwa zamu. Ukiviangalia vyuma vile kwa karibu, na kutu yake, unaielewa njaa ya wale madaktari wa anatomia kuliko utakavyoielewa kwa mayowe yoyote. (Nje ya lango kuna sanamu ya mbwa, Greyfriars Bobby, anayesemwa alikaa kwenye kaburi la bwana wake kwa miaka mingi. Watalii wameisugua pua yake mpaka imechubuka. Wewe iache.)

Tatizo la ziara hii kwa wageni wetu haliko kwenye historia. Liko kwenye mahali penyewe. Kwa wengi wetu makaburini usiku si pa kwenda kuchekea. Nilipompa shangazi habari yake alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, mimi nimlipe mtu anipeleke kwenye mapepo? Nyumbani watu wanalipa yatolewe."

"Shangazi, ni hadithi tu."

"Basi nisimulie hapahapa, tukiwa tumekaa kwenye joto."

Nikamsimulia, kwenye mgahawa, na chai. Kama uliyenaye ana imani kali kuhusu mapepo au majini, au amefiwa karibuni, usimshawishi. Hataburudika, nawe hutaburudika kumwona amesimama gizani anaomba kimya kimya.

Wachawi, na kipimo cha mwongozaji

Hii ndiyo sehemu ambayo ziara zote nne tano zinakutana, na hapa ndipo mimi huamua nimrudie mwongozaji au nisimrudie.

Sheria ya uchawi ya Scotland ilidumu kutoka 1563 hadi 1736. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wamekusanya majina ya watu 3,837 walioshtakiwa, na wengi mno walikuwa wanawake. Wengi wa waliohukumiwa walinyongwa kwanza, kisha miili ikachomwa. Kwenye kilima cha ngome walichomwa wengi, na pale uwanjani kuna kisima kidogo cha ukutani cha kumbukumbu, Witches' Well, kilichowekwa 1894, kidogo kiasi kwamba watu wanakipita wakikimbilia kupiga picha na ngome. Tarehe 8 Machi 2022, Siku ya Wanawake Duniani, Waziri Kiongozi wa wakati huo, Nicola Sturgeon, aliomba radhi rasmi kwa niaba ya serikali ya Scotland.

Waongozaji wengine wanaifanya sehemu hii kuwa vichekesho: sauti ya kibibi, kofia yenye ncha, mgeni mmoja anaitwa mbele "ahukumiwe". Watu wanacheka. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyetoka Shinyanga au Mwanza, ambako vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mgeni wangu mmoja, mwalimu kutoka Kahama, alisimama kwenye ziara kama hiyo mikono mfukoni, hacheki. Mwongozaji alipomaliza akauliza kama kuna swali. Mwalimu akauliza:

"Aliyemtaja alikuwa nani? Jirani yake?"

Yule kijana akaweka kofia chini. Akaacha sauti ya maigizo, akaeleza vizuri kabisa: kwamba mara nyingi alikuwa jirani, ugomvi wa ng'ombe aliyekufa au deni, na kwamba washtakiwa walizuiwa kulala siku kadhaa mpaka wakakiri na kutaja wengine, na hao wakataja wengine tena. Akatueleza habari za Agnes Sampson, mganga na mkunga aliyeuawa 1591, ambaye Mfalme James VI mwenyewe alishiriki kumhoji. Dakika zile ndizo zilikuwa ziara. Kijana alikuwa anajua yote hayo tangu mwanzo, ila amefundishwa kwamba wateja wanataka kofia.

Kwa hiyo usiogope kuuliza. Waongozaji wengi wa mji huu wanajua zaidi ya wanachosema. Kwenye kundi dogo swali lako linaweza kuigeuza ziara nzima, wakati kwenye kundi la watu arobaini huna nafasi hiyo. Hii ni sababu nyingine ya kuangalia ukubwa wa kundi kabla ya bei.

"Bure" na bakshishi

Ziara inayoitwa ya bure si ya bure, na ukilijua hilo mapema hutajisikia vibaya mwishoni. Hulipi mwanzo. Mwishoni mwongozaji anashukuru, anasema maisha ni magumu, na kofia inapita, siku hizi pamoja na kimashine cha kadi. Wengi hutoa kama pauni kumi kwa mtu. Katika kampuni nyingi za aina hii mwongozaji mwenyewe anatozwa kwa kila kichwa anachokiongoza, kwa hiyo ukichepuka kwenye kona ya mwisho umemwachia hasara. Usichepuke.

Kwa thamani, ziara hii mara nyingi inazishinda za tiketi, kwa sababu mwongozaji anajua atalipwa akifurahisha tu. Atakushusha barabara kuu, Royal Mile, ambayo kutoka ngome hadi ikulu ya Holyrood ni kama kilomita 1.8. Atakuonyesha moyo wa mawe uliotandikwa chini mbele ya St Giles, mahali lilipokuwa gereza la zamani lililobomolewa 1817, na wenyeji wakiutemea mate. Atakupeleka Grassmarket kwenye hadithi ya Maggie Dickson, aliyenyongwa 1724 kisha akazinduka ndani ya jeneza njiani kuelekea kuzikwa, akaishi miaka mingi. Atakuambia habari za William Brodie, fundi seremala na mjumbe wa baraza la mji aliyekuwa mheshimiwa mchana na mwizi wa kuvunja nyumba usiku, mpaka kamba ilipomfikia 1788.

Udhaifu wake ni makundi makubwa na kwamba mara nyingi haziingii mahali popote pa kulipia. Unabaki nje, kwenye upepo. Na hesabu yake inabadilika mkiwa wengi. Ziara za tiketi za usiku kwa kawaida ni pauni kumi na kitu hadi ishirini na kitu kwa mtu mzima, hivyo familia ya watano inaokoa fedha ya kutosha chakula cha jioni kwa kuchukua ya bakshishi. Lakini mkifika wanane au kumi, kama kikundi cha kanisa, wanachuo au ndugu wa harusi, ulizia mwongozaji binafsi mwenye beji ya buluu ya chama cha waongozaji wa Scotland. Yeye analipwa kwa kikundi, si kwa kichwa. Sheria hapa haimzuii mtu yeyote kuongoza watalii, na ndiyo maana beji ile, inayopatikana kwa masomo na mitihani, ina maana. Huyu unaweza kumwambia mapema: usituletee mizuka, tunataka wachawi, tauni na wanasheria, na twende polepole mama ana goti.

Faida nyingine ni lugha. Ziara ya Kiswahili sijaiona. Kiingereza cha hapa kina lafudhi nzito na waigizaji wanaongea kwa kasi. Ukiwa na mgeni asiyekijua vizuri, utakuwa mkalimani usiku kucha, na chini ya daraja kunong'ona kwako kunawaudhi wengine. Na mwongozaji binafsi unamsimamisha, unatafsiri, mnaendelea.

Ziara za baa, zinazofuata nyayo za waandishi kama Burns na Stevenson, nitazipita haraka: zinachekesha, na asiyekunywa pombe anaweza kukaa na soda yake bila kusumbuliwa, ila inahitaji Kiingereza kizuri na uvumilivu wa kelele.

Ambayo hutasimuliwa

Nimezunguka na waongozaji wa kila aina na sijamsikia hata mmoja akimtaja Mwalimu Nyerere, aliyesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Jengo kongwe la chuo hicho, Old College, liko palepale South Bridge, dakika chache kutoka kwenye milango ya ziara za mizuka. Ukitoka chini ya daraja geuza kichwa ulione. Upande wa pili, kwenye bustani za Princes Street karibu na mnara wa mwandishi Walter Scott, amesimama David Livingstone wa shaba. Amesimama peke yake, bila Susi na Chuma walioubeba mwili wake kutoka bara mpaka Bagamoyo. Na St Andrew Square kuna nguzo ndefu ya Henry Dundas, mwanasiasa anayelaumiwa kwa kuchelewesha kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na mwaka 2021 iliwekewa kibao kinacholisema jambo hilo.

Hizi ni sehemu za kwenda mwenyewe, hazihitaji tiketi. Yapo pia matembezi ya historia ya watu weusi mjini humu. Mengi hufanyika mchana, na kwa mwanafunzi anayeanza masomo hapa ningeyatanguliza kuliko mizuka yote.

Miguu, baridi, sala na treni

Mji wa kale uko mgongoni mwa kilima, vichochoro vinateremka pande zote mbili kwa ngazi, na mawe ya barabarani yakilowa yanateleza. Viatu vyenye soli ya kushika ni muhimu kuliko koti zuri. Mwavuli uache, upepo wa hapa unaupindua dakika ya kwanza. Chukua koti la mvua lenye kofia. Chini ya daraja sakafu ni ya mabonde na hakuna njia ya kiti cha magurudumu wala cha kusukumia mtoto, na ziara za usiku sana nyingi zinakataa watoto. Mwenye hofu ya sehemu finyu abaki juu.

Kwa Waislamu, msikiti mkuu wa Edinburgh uko Potterrow, mwendo mfupi kutoka South Bridge, na nyakati zinacheza sana: Desemba Magharibi inaingia kabla ya saa kumi jioni, hivyo unasali kwanza ndipo uanze ziara kwa raha. Juni inaingia saa nne usiku, na ziara ya saa tatu itakukata katikati. Chagua ya saa moja. Kula kabla, maana jikoni za migahawa zinafunga mapema kuliko ulivyozoea. Na kama unalala Glasgow kama wageni wangu, angalia treni ya mwisho kabla hujakata tiketi ya ziara ya saa nne.

Ningekupeleka wapi

Uko peke yako, mwanafunzi, mwezi wa Novemba, mfuko mwembamba: bakshishi, jioni ya katikati ya wiki ambapo makundi ni madogo, halafu Greyfriars mwenyewe kesho yake mchana. Mko wawili, Juni au Julai, mna usiku mmoja: chini ya daraja, ziara ya historia wala si ya kurukiwa. Una watoto wa darasa la nne kwenda juu: Mary King's Close, na usiwaambie habari za Burke mpaka mrudi nyumbani. Mnapenda kutishwa, mna roho ngumu, ni majira ya baridi: makaburini, ndani ya geti, ya mwisho ya usiku. Na kama mkiwa wengi mnaotoka sehemu mbalimbali, mchangie mwenye beji.

Shangazi yangu na wenzake wasiotaka kusikia habari za wafu kwa namna yoyote, mimi huwapandisha Calton Hill. Kilima hakina kiingilio, njia inaanzia mwisho wa mashariki wa Princes Street, na mtu wa umri wake alipanda kwa robo saa akipumzika mara mbili. Juu kuna nguzo za mnara wa kitaifa ulioanza kujengwa 1826 kwa mfano wa hekalu la Wagiriki, fedha zikaisha 1829, ukaachwa hivyo hivyo. Alipousikia mkasa huo alisema hata huku kuna miradi ya aina hiyo. Fika nusu saa kabla ya jua kuzama, na mteremke kabla giza halijakolea, kwa sababu njia ya kushuka haina taa za kutosha.